Fundi aniuliza wataka mtindo gani: skandi, japandi, midisenchuri… zatofautiana vipi hasa?

ummu_wawili, Tudor

Asalaam aleikum wenyeji wa hapa. Nisaidieni kabla sijaaibika mara ya pili kwa fundi yule yule.

Tumehamia nyumba ya kupanga Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, sebule ya mita nne kwa tano hivi, na roshani inayoangalia maji. Jiko ni la kuingia kwa ubavu. Nilivyokuja navyo ni kitanda, friji, na kasha la njumu la nyanya yangu ambalo mamangu amenikabidhi kwa sharti moja: nisilipake rangi. Makochi hatuna. Huu mwezi wa pili twaketi mkekani, na wakwe zangu waja mwezi ujao. Baba mkwe ana magoti mabovu. Akishuka mkekani, kumwinua ni kazi ya watu wawili.

Basi Jumamosi nikaenda kwa fundi na simu yangu. Nina picha saba nilizozihifadhi tangu hatujapata nyumba. Nikamwonyesha, nikamwambia, "Nataka hivi." Akazipitia zote kwa kidole chenye gundi, akazirudia, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, hivi vipi? Hapa mna nyumba nne." Akaanza kuzitaja: hii skandi, hii midisenchuri, hii wateja waiita japandi, hii mimi pia siijui. Kila moja ina mbao yake na bei yake. Nikaona nijiokoe, nikasema basi nifanyie ya kisasa tu. Akanijibu, "Zote ni za kisasa." Mwanafunzi wake akainamia randa ili nisimwone akicheka.

Wifi yangu aliyeko Nairobi asema nipake kuta kijivu, ninunue kila kitu kijivu, hiyo ndiyo modani. Mume wangu swali lake ni moja tu: je, mtu aweza kulala hapo Jumapili mchana?

Mimi sitaki majina ya kujionyesha. Nataka nikiiona picha nijue ni ipi na kwa nini iko hivyo, na nijue ipi itaishi na chumvi yetu na jasho letu. Nina shilingi 75,000 za makochi na meza, na hazitazaa. Fundi amenipa hadi Jumamosi.

mtoto_wa_majengo

75,000? Nunua viti vya plastiki, utakavyobakisha uvikodishe harusini. Mtindo huo waitwa faida.

mchora_ramani, Kizingo

Wa aleikum salaam dada. Kazi yangu ni kuchora majengo, si kupamba, ila mteja akishapokea ramani swali linalofuata huwa ni hilo lako. Nimejifunza kwa kusukumwa.

Fundi wako alikujibu vizuri kuliko alivyojua. Neno letu kisasa tumelibebesha mizigo miwili. Kuna kisasa cha leo, yaani chochote kinachopendwa mwaka huu. Hicho ndicho kijivu cha wifi yako, na yeye mwenyewe atakichoka. Na kuna modani yenyewe, ambayo si ya leo hata kidogo, umri wake wapita miaka mia. Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Ilihamahama, mwisho ikafungwa 1933 Wanazi walipoikaba. Hoja yao ilikuwa kwamba kiti kilichotoka mashineni kwa ajili ya karani kisijifanye kiti cha mfalme. Marcel Breuer aliutazama usukani wa baiskeli yake, akawaza kupinda bomba la chuma namna ile ile, na katikati ya miaka ya 1920 akatoa kiti. Vile viti vya bomba ulivyokalia ofisi hii na ile ukisubiri jina lako liitwe, ni wajukuu wa baiskeli ile.

Wala hayo hayakuwa mbali nasi. Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa nyumba za bei nafuu Frankfurt miaka ya 1920, baadaye alihamia Afrika Mashariki, na Oceanic Hotel ya hapa Mombasa, ya miaka ya 1950, ilikuwa kazi yake. Ni katika mradi ule wa Frankfurt ambapo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni, mwaka 1926, jiko la mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kikiwa hatua moja au mbili kutoka mkononi, akiwa ameyatazama majiko ya mabehewa ya treni. Jiko lako la kuingia kwa ubavu lina ukoo, dada. Usilidharau.

Sasa picha zako. Tazama miguu kwanza, rangi baadaye, kwa sababu rangi hudanganya.

Kochi likisimama juu ya miguu myembamba, iliyochongoka kwenda chini na kutanuka kidogo nje kama ya mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi, hiyo ni midisenchuri. Ni modani ile ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zaidi Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi ya 1960, ila hapa imelegea: mbao ya rangi ya asali au kahawia, mgongo wenye mpindo, kitambaa cha haradali au cha machungwa. Charles na Ray Eames walikomaa katika kupinda plaiwudi wakitengeneza magango ya kufungia miguu ya majeruhi wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, ujuzi ule ule wakauhamishia kwenye viti. Kila nikiona kiti cha plaiwudi kilichopindwa nauona mguu wa baharia ndani yake.

Skandi, yaani mtindo wa nchi za Skandinavia, miguu yake haina mbwembwe. Mbao ni ya rangi nyepesi, kuta nyeupe, na kila pembe pana kitu cha kutia joto: sufu, ngozi ya kondoo, vitaa vidogo vidogo. Ukitaka kuuelewa, fikiria jua. Stockholm mwezi wa Disemba mchana wao ni kama saa sita tu. Mtu wa kule ataka ukuta umrudishie kila mwale uliopita dirishani. Sisi jua latuamkia kwenye saa kumi na mbili na kutuaga kwenye saa kumi na mbili, Januari hadi Disemba, na kazi yetu ni kulifukuza. Ndiyo maana sebule ya skandi iliyonakiliwa Nyali bila kufikiri huumiza macho saa saba mchana. Na ngozi ya kondoo, sitasema kitu.

Hizo mbili hukorogana kwa sababu Wadenmaki wako katikati. Hans Wegner na Arne Jacobsen na viti vyao vya miaka ya 1950 huhesabiwa huku na huku. Ukishindwa kutofautisha hapo, hujashindwa peke yako.

Japandi ni skandi iliyoenda Japani ikarudi imenyamaza. Kila kitu kiko chini, karibu na sakafu; mbao yaanza kuwa nyeusi; kuna udongo, kitani, na nafasi tupu iliyoachwa makusudi. Kwa baba mkwe wako mwenye magoti, hapana.

Picha ikionyesha chumba ambacho wadhani mwenyewe ameibiwa, hiyo ni minimalizimu. Ikionyesha matofali hayakupigwa lipu, mabomba yako nje na meza ina miguu ya chuma cheusi, hiyo ni ya viwandani. Zaonekana hazijuani, lakini zimewahi kulala nyumba moja. Mwaka 1968 msanii Donald Judd alinunua jengo la ghorofa tano, 101 Spring Street, New York, lililokuwa la kazi za viwanda, akaishi humo na vitu vichache vilivyopangwa kama maombi. Wasanii wenzake wa mtaa ule wa SoHo waliingia katika majengo matupu kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, na hawakuwa na pesa za kuficha mabomba. Leo kuna mteja amenilipa nibandue lipu nzuri ya mchanga na saruji ili aonekane hana pesa za lipu.

Arti-deko jina lake latokana na maonyesho ya Paris ya 1925: vioo, dhahabu, miale, pembe kali. Ukumbi wa harusi wenye dari ya jipsamu na ukingo wa dhahabu ni kilembwe chake asiyejua ukoo. Boho ni vitambaa, vikapu na mimea juu ya mimea. Wewe wakaa karibu na Biashara Street penye maduka ya vitambaa, huhitaji somo.

mtoto_wa_majengo

Mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi 😂 Sitaweza tena kuliangalia kochi la shangazi kwa adabu.

fundi_mkongwe, Kisauni

Nimesoma yote. Mimi si huyo fundi wako, lakini mwambie hongera kwa kukuuliza kabla ya kukata mbao. Wengi wetu twakata kwanza.

Mwalimu hapo juu amesema tazama miguu. Mimi nasema tazama miguu kwa sababu ya deki. Wewe wapiga deki kila siku, sivyo? Maji yale yaenda chini ya kabati. Kabati la MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa kwa gundi, lililokaa sakafuni, kiunoni zuri, miguuni limevimba kama mkate uliochovywa chai. Ukitaka MDF, iinue juu ya miguu ya mbao, shubiri moja au zaidi. Mchwa pia utamwona akipanda. Kwa hiyo hao midisenchuri, mimi nawaunga mkono ijapokuwa sikuwahi kuwasikia na hayo majina yao. Miguu yao nimeichonga miaka mingi, sisi twaiita miguu ya karoti.

Ila mguu wa karoti hautaki mbao laini. Saipresi ikichongwa nyembamba hivyo, akaketi mtu wa kilo mia kwa kishindo, mguu wafunguka pale kwenye skrubu. Mvule ndiyo mbao, lakini kwa pesa zako mvule itakupa kochi moja na maneno. Mwembe watosha. Uwe umekauka vizuri na umetiwa dawa, usipotiwa dawa wabunguliwa, unga waanza kumwagika usiku.

Chuma cheusi cha viwandani: uko Tudor, waona maji kutoka roshani. Baada ya mvua mbili kutu yatoka chini ya rangi, yachafua vigae. Kama ni lazima, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile nyeusi, na viungo vijazwe, maana kutu huanzia kwenye tundu la kuchomelea.

Ile rangi nyeupe-nyeupe ya skandi: mteja aniletea picha, nafanya, napiga vanishi ya kawaida, mwezi wa sita yawa njano kama meno ya mvutaji. Yataka vanishi ya maji, isiyong'aa. Na usikubali mtu apige vanishi siku ya mvua ya masika, itatoka na ukungu mweupe ndani yake, hadi isuguliwe msasa upya.

Fanicha inayotoka Nairobi tayari: kule hewa kavu, huku mbao yanywa maji, droo zakataa kufunguka. Si uchawi.

Ngozi ya bandia usinunue hata ukipewa bure. Utainuka na kochi.

bi_wa_ndia_kuu

Mwanangu, nimesoma nikingoja mmoja wenu ataje nyumba zetu. Mmefika hadi Japani.

Nilizaliwa nyumba ya mawe Mji wa Kale. Kuta zake za matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima, ukizigusa saa tisa mchana zina ubaridi. Vyumba virefu na vyembamba. Vijana waja kupiga picha, waniuliza, Bi, mbona vyembamba hivi, ilikuwa ni imani? Imani ipi? Dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu. Mti wa mkokoni ndio uliotuchorea vyumba. Huyo mwalimu wa ramani alijua hayo, ameona haya kuyasema.

Na nyumba haikujianika. Nyumba ya Lamu, ukiingia ni daka kwanza, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha wapinda, ndipo wafika kiwandani, yaani uani, penye hewa na mwanga, na vyumba vyazidi kuwa vya siri kadiri uendavyo ndani. Mgeni wa barazani aliishia barazani. Ndani kabisa ndiko kulikuwa na zidaka, chokaa iliyochongwa safu juu ya safu, zikawekwa vyombo vya kaure vilivyokuja na majahazi. Mapambo yalikuwa ya ukutani, sakafu ikabaki wazi kwa mkeka na kwa watu. Hao wa nafasi tupu iliyoachwa makusudi, twawakaribisha.

Kiti kilikuwa kimoja cha maana, kiti cha enzi, cha mti mweusi, kimetiwa njumu za mfupa na pembe, mgongo na kalio lake kimesukwa kamba. Hakikuwa cha kulala Jumapili. Kilikuwa cha mgeni mwenye heshima, na mgeni alikaa wima asiseme upuuzi.

Kinachoniudhi ni hoteli. Waweka taa za Moroko, mito ya rangi kumi na mbili na chandarua kilichofungwa fundo, waandika hapo "Kiswahili". Taa zile sisi tulianza kuziona kwao. Sisemi kwamba kilicho chetu hakina mgeni. Nakshi nyingi za milango ya mjini kwetu zina mkono wa Kihindi, na roshani za mbao vile vile, na kaure ni ya Wachina. Lakini wale walikuja wakakaa. Taa hizi zimekuja kupigwa picha.

Hilo kasha la nyanyako usilitupe chumbani lifungiwe mashuka. Liweke katikati ya sebule, liwe ndiyo meza. Umeshaokoa pesa ya meza. Shaba yake isugue kwa ndimu na jivu, usiku mmoja kabla ya wakwe. Na mamako amesema usilipake rangi, na mimi nasema vanishi pia ni rangi.

ummu_wawili, Tudor

Shikamoo Bi. Nimesoma lako nikaenda kulifungua kasha. Lanuka udi hadi leo, na ndani mna risiti ya kitambaa cha leso ambayo hatujui ya mwaka gani.

Jana usiku watoto walipolala nilizitoa zile picha saba nikazipanga kwa miguu. Tatu ni mwanambuzi. Mbili ni skandi, moja ina ngozi ya kondoo kabisa, nami nilikuwa sijaiona. Moja ni japandi. Ya saba, ile ambayo fundi hakuijua, ni hoteli ya Bi, na taa na fundo la chandarua. Niliiweka nikidhani ndiyo kwetu. Nimeona haya peke yangu gizani.

Nikakaa nazo tena. Nilichokuwa nikikipenda katika zote saba ni kimoja, wala si kochi. Ni sakafu. Katika kila picha yaonekana sakafu kubwa iliyo wazi, na mwanga wapita chini ya vitu hadi ukutani. Nyumba tuliyotoka, ya mama mkwe, sakafu hukuiona: kochi limegusana na kochi, kabati la televisheni la ukuta mzima, mtoto akitaka kutambaa ataambaa ubavuni kama kaa. Sasa miezi miwili ya mkeka imenizoesha vibaya.

Kwa hiyo nimemwandikia fundi leo asubuhi. Kochi moja la watu watatu na viti viwili vya mkono, mwembe uliotiwa dawa, miguu ya karoti inayopitisha fagio na deki, vanishi ya maji. Kalio la viti viwili liwe juu kidogo kuliko kawaida kwa ajili ya baba mkwe. Hapo sijui mtindo gani wakubali, ila ndivyo itakavyokuwa. Mito iwe na zipu, ifuliwe. Kochi liwe na urefu wa kumtosha mume wangu kunyoosha miguu, naye ni mrefu. Kitambaa nitakwenda kutafuta mwenyewe Biashara Street, si kijivu. Wifi nimemwambia fundi ameishiwa kijivu.

Amenitajia 68,000. Nimemwambia 60, akacheka, twaendelea.

@mchora_ramani, ukuta wa magharibi wapigwa na jua kuanzia saa tisa. Niupake mweupe ama?

mchora_ramani, Kizingo

Usiupake mweupe wa theluji. Chukua mweupe uliovunjwa kidogo, rangi ya chokaa kuukuu au ya ganda la yai, na ising'ae. Lakini ukuta si dawa ya jua la saa tisa, dawa ni kulizuia nje. Tundika chiki, zile pazia za vijiti, kwenye roshani, zikunjwe usiku. Pazia la ndani lasubiri joto liingie kwanza.

Na Bi wa Ndia Kuu, naungama. Nilijua habari ya boriti.

fundi_mkongwe, Kisauni

60 ni kumwonea. 65 na umpe chai.

Swali ambalo nyote hamkuuliza: ngazi za hiyo ghorofa ya tatu zina upana gani pale zinapopinda? Nimewahi kubeba kochi la watu watatu hadi ghorofa ya pili Buxton, likakwama kwenye kona, tukalikata mguu mmoja mbele ya mwenyewe akilia.

ummu_wawili, Tudor

Nimeshuka na futi ya kushonea. Sentimita 88 kwenye kona, na kuna chuma cha mkono kinachochomoza upande wa kulia.

fundi_mkongwe, Kisauni

Mwambie basi miguu yote iwe ya kufungua kwa skrubu, aje aifungie juu. Kasha mlipitisha vipi?

ummu_wawili, Tudor

Wima. Vijana wanne na mamangu nyuma yao akisoma Ayatul Kursi.